Daktari Aliyeongea na Majini

Ukimwamkia Daktari, hakukujibu moja kwa moja. Kwanza alikurudishia maneno yako, kama mwenye duka anayehakikisha umeagiza mkate wala si maziwa.

"Habari ya asubuhi, Daktari."

"Habari ya asubuhi." Anatulia kidogo. "Njema."

Nilifanya kazi naye miaka kumi na mmoja, mimi nikiwa fundi wa maabara katika chuo kikuu kimoja cha umma kati ya Ruiru na Thika, naye akiwa mhadhiri na mtafiti wa mawasiliano. Wiki ya kwanza nilidhani masikio yake yana kasoro. Wiki ya pili nikadhani ananidharau. Kumbe ilikuwa imani yake. Aliamini kwamba ujumbe usiothibitishwa haujafika, na kwamba nusu ya ugomvi wa dunia, kuanzia wa mume na mke hadi wa nchi na nchi, hutokana na watu kujibu jambo ambalo halikusemwa. Ukimtumia ujumbe kwa simu alijibu neno moja, "Umefika," hata kama ulikuwa umemuuliza swali.

Tabia hiyo ilimponza siku ya ruracio, yaani ya kupokea mahari, ya binti yake mkubwa. Msemaji wa upande wa bwana harusi alisimama, akakohoa, akasema, "Wazee, tumekuja na mbuzi kumi na wawili, na waliobaki mtatuvumilia." Daktari akarudia kama kawaida, "Mmekuja na mbuzi kumi na wawili, na waliobaki tutawavumilia," kisha akavuta pumzi ili sasa atoe jibu lake. Pumzi hiyo haikumfaa kitu. Akina mama walikuwa wameshapiga vigelegele, wageni wamesimama kushikana mikono, na mambo yakawa yameisha. Mkewe hakumsemesha siku tatu.

"Pole sana, Daktari," nilimwambia.

"Pole sana," akarudia. "Asante. Lakini zilikuwa siku tulivu. Nimesahihisha mitihani yote."

Utafiti wake ulikuwa wa kutuma maneno ndani ya maji. Nilipoanza kazi alinieleza kwa dakika tano, na mpaka leo sijasikia maelezo bora. Mawimbi ya redio na simu, alisema, yakiingia majini hufa baada ya hatua chache. Sauti haifi, maji huipenda sauti. Serikali ilikuwa imetoa pesa za utafiti ili siku moja vifaa vya kupima matope vilazwe chini ya mabwawa yetu, na kila asubuhi vitume taarifa juu kwa sauti, bila waya na bila mtu kupiga mbizi. Kazi yetu ilikuwa kuifundisha sauti kubeba herufi bila kuziangusha njiani. Adui yetu mkubwa alikuwa mwangwi. Sauti ikitoka inagonga ukuta, inarudi, inagonga mwingine, na herufi moja inafika mara nne kama mgeni anayeaga na kurudi kuchukua mwavuli.

Shida ni kwamba mtu anayetafiti mambo ya majini katika Kaunti ya Kiambu lazima ajieleze kila mahali. Alipoomba mashua, afisa wa manunuzi alimwita ofisini, akamfungia mlango kwa heshima, akamuuliza, "Daktari, hebu nisaidie. Bahari iko upande gani wa Thika?" Fomu ilirudi imepigwa mstari mwekundu. Tukajitengenezea chelezo kwa mapipa manne na mbao, kazi ya fundi wa kuchomelea wa pale Ruiru, aliyetuuliza mara tatu kama ni kitanda.

Spika nayo ilitupeleka Thika, kwa Mzee Salim, muuza vifaa vya umeme karibu na msikiti. Daktari aliegemea kaunta akasema kwa sauti yake ya darasani, "Natafuta spika ya majini."

Mzee Salim alivua miwani. "Ya majini?"

"Ya majini. Naam. Nataka kuzungumza nao upande wa pili." Upande wa pili alimaanisha sisi, wapokeaji wa ng'ambo ya maji.

"Astaghfirullahi," Mzee Salim akasema. "Ndugu yangu, hapa tunauza za binadamu tu."

Nilipoeleza kwamba ni maji ya kuoga na kunywa, wala si viumbe wa kwenye chupa, Mzee Salim alicheka mpaka akaita wateja wa duka la jirani waje wasikie. Jina likatoka hapo. Kuanzia siku hiyo Thika nzima ilimjua kama yule daktari anayeongea na majini, na kulikuwa na watu waliokuja mpaka getini kwa chuo na shida zao: mume aliyepotea, duka lisiloingiza wateja. Daktari aliwasikiliza wote, akawarudishia maneno yao yote, na wengi waliondoka wakisema wamepata nafuu.

Maji yenyewe tuliyapata kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje kidogo ya Ruiru. Shimo lilikuwa limejaa mvua ya miaka mingi, pana kama uwanja wa mpira na refu kwenda chini kuliko tulivyotaka kujua. Shamba lilikuwa la nyanya mmoja tuliyemwita Cucu. Cucu alituruhusu bila masharti, ila moja: bata wake wasisumbuliwe.

Bata ndio waliotusumbua sisi. Wakipiga mbawa na kuzamia, herufi zinamwagika kwenye kompyuta kama mtama wa gunia lililotoboka. Siku moja Daktari alimwendea Cucu kwa adabu zote, akamwomba awafungie bata kuanzia saa nne hadi saa sita.

"Ndagitari," Cucu akamwambia, akiendelea kumenya viazi, "si wewe ndio unajua kuongea na wa kwa maji? Ambia bata mwenyewe."

Nilitarajia atakasirika. Badala yake aliketi juu ya jiwe, akawatazama bata kwa muda mrefu. "Fundi," akaniambia, "kelele ni ujumbe wa mtu mwingine. Tusiwafukuze. Tujifunze kusikia tukiwa nao." Hiyo ilituongezea mwaka mzima wa kazi.

Hakujua kuogelea. Yaani mtu aliyetumia nusu ya maisha yake juu ya maji aliyaogopa kama paka. Kila alipopanda chelezo alijivika tyubu ya gurudumu la lori kiunoni, juu ya koti na tai, na Njoroge, dereva wetu, alimshika mkono kama bibi harusi. Hakuwa na haya hata kidogo. Lakini ukihamisha bisibisi yake kutoka kulia kwa meza kwenda kushoto, maabara yote ilitikisika. Nimewahi kumwona akimfokea mhadhiri mwenzake robo saa kwa sababu ya kikombe. Mambo madogo yalimwasha. Ni makubwa ndiyo yaliyomkuta ametulia, na hilo nililijua siku ambayo nilikuwa nimeharibu kubwa kuliko yote.

Ilikuwa hivi. Upande wa mtumaji tulikuwa na jenereta. Upande wa mpokeaji, ng'ambo ya shimo, tulitumia betri ya gari, ili pande mbili zisiguswe na waya mmoja. Betri ilipoanza kuchoka, kila baada ya siku mbili mimi na Njoroge tuliibeba kwenda kuchajiwa Ruiru, na mgongo wangu ukaanza kulalamika. Asubuhi moja niliona waya mrefu wa umeme umelala kwenye pikapu. Nikautandaza ukazunguka shimo lote, nikaunganisha mpokeaji na jenereta ileile, nikafunga maungio kwa utepe wa kijani. Sikumwambia mtu. Daktari siku hizo alikuwa amezama katika kuandika ripoti, akija machimboni mara moja kwa wiki.

Wiki hiyohiyo matokeo yakawa mazuri ajabu. Ujumbe ulifika mzima, kila herufi mahali pake, asubuhi kwa jioni, mvua kwa jua. Niliona fahari. Nilidhani ni kwa sababu nilikuwa nimesafisha spika.

Daktari alipoona karatasi hakufurahi. "Haya matokeo yananitisha," alisema. Aliyatazama siku mbili, akakagua hesabu zote, akakuta ziko sawa. Akayatia sahihi. Kamati ya wanaotoa pesa ikaandika kwamba inakuja kujionea.

Walikuja watano. Mwenyekiti wao alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya upole, aliyevaa viatu vya kisigino machimboni na hakuteleza hata mara moja. Daktari alibaki na kamati upande wa mtumaji. Mimi na Njoroge tulikuwa ng'ambo, kwenye kompyuta ya mpokeaji, na kazi yangu ilikuwa kusoma kwa sauti chochote kitakachofika. Cucu alikuwa amekuja na kiti chake.

"Madam, andika chochote," Daktari akasema.

Mwenyekiti akaandika. Sekunde chache, na kwenye kioo mbele yangu yakatokea maneno. Nikapaza sauti: "Hamjambo nyote!"

Wakapiga makofi. Hata Cucu alipiga. Na katikati ya makofi hayo, bata wote wa Cucu, labda kwa kuogopa kelele, wakatumbukia majini kwa mpigo, wakazamia na kupiga mbawa kwa fujo ambayo sijawahi kuona.

"Andika tena, madam," Daktari akasema haraka. "Sasa hivi, bata wakiwa hapo."

Akaandika. Ikafika. Nikasoma: "Hamjambo nyote!" Mzima, bila herufi iliyokosekana.

Makofi yakarudi maradufu. Lakini mimi nilikuwa namtazama Daktari, na niliona uso wake ukishuka. Alisimama akiwatazama bata. Kisha alishika kamba, akaivuta ile spika kutoka chini ya maji hatua kwa hatua, akaitoa ikichuruzika, akailaza juu ya gunia kavu mbele ya miguu ya kamati.

"Madam," akasema. "Mara ya tatu, tafadhali."

Mwenyekiti alishangaa, lakini akaandika. Nikatazama kioo. Nikiomba Mungu. Yakatokea maneno: Hamjambo nyote.

Spika ilikuwa juu ya gunia. Ndani ya maji hakukuwa na kitu isipokuwa bata. Nikashusha macho, nikauona ule waya karibu na mguu wangu, na utepe wangu wa kijani, na ndipo nilipoelewa. Ujumbe haukuwa umepita majini wiki zote hizo. Ulikuwa ukitembea raha mustarehe kwenye waya wa umeme, ukizunguka shimo.

"Fundi!" Daktari akaita. "Imefika?"

Neno moja tu lingetuokoa. Ningesema "Haijafika", kamati ingeona spika iliyo nje ya maji haipeleki kitu, wangepiga makofi mara ya tatu, tungekula chakula cha mchana na pesa zingeongezwa. Njoroge, aliyekuwa ananichungulia begani, alininong'oneza, "Aki, sema haijafika." Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unaisha mwezi uliofuata. Nilikuwa na mtoto kidato cha pili.

"Imefika!" nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, ikabidi nirudie. "Imefika, Daktari! Yote!"

"Imefika yote," akarudia. Akageukia kamati. "Waheshimiwa, mmeona wenyewe. Spika iko nje na ujumbe umefika. Hii ina maana matokeo niliyowaletea si ya maji. Kuna njia nyingine sauti imepitia, pengine umeme. Nimeyatia sahihi bila kukagua waya. Kosa ni langu."

Mzee mmoja wa kamati alianza kupiga makofi kwa mazoea, akaacha. Mwenyekiti akauliza polepole, "Kwa hivyo, Daktari, hamna kitu?"

"Hatujui. Ndiyo tujue sasa." Akapaza sauti, "Njoroge! Leta betri ya pikapu!"

Njoroge alikimbia kama mtu aliyeambiwa nyumba inaungua. Tukang'oa waya, tukafunga betri, Daktari akaishusha spika majini kwa mikono yake mwenyewe, akisahau tyubu yake kabisa, maji yakimfika kiunoni na tai ikielea. Mwenyekiti akaandika tena. Tukasubiri. Kompyuta ikakaa kimya. Kisha herufi zikaanza kuingia moja moja, kama watu wanaovuka mto kwa mawe.

Nikasoma kimoyomoyo.

"Fundi, imefika?"

"Imefika, Daktari. Lakini..."

"Soma!"

"Daktari, ina kosa kidogo."

"Soma kama ilivyo! Usinisahihishie!"

Nikamtazama yule mama mwenye heshima zake ng'ambo ya maji. Nikavuta pumzi. "Hamjamba nyote!"

Machimbo yana mwangwi. Maneno yale yalizunguka kuta zote za mawe, yakarudi, yakazunguka tena. Na mwangwi ulipotulia, Njoroge, ambaye wazazi wake walimlea kujibu wakubwa wakiulizia hali, akasema kwa unyenyekevu, "Bado, madam."

Mwenyekiti alijikaza. Alijikaza sana, niliona mabega yakipanda. Halafu akaketi juu ya jiwe na viatu vyake vya kisigino na kucheka mpaka akaomba kitambaa. Kamati yote ikafuata. Cucu, ambaye hakusikia vizuri, alimuuliza kila mtu ni nini kimesemwa, na aliponong'onezewa akasema, "Haiya! Na wamevaa suti!"

Daktari peke yake hakucheka. Alisimama majini, mikono juu, uso umejaa nuru. "Herufi moja!" alipiga kelele. "Moja tu! Na bata wako hapo hapo! Mmeona?"

Kwenye pikapu tukirudi nilikaa katikati, kati yake na Njoroge. Tulipofika karibu na Juja sikuweza tena kunyamaza. "Daktari, ni mimi niliyeunganisha ule waya."

"Ni wewe uliyeunganisha ule waya," akarudia. "Najua. Nani mwingine anatumia utepe wa kijani?"

"Basi mbona hukuwaambia?"

Alikuwa anakamua tai yake dirishani. "Wewe ulikosea asubuhi moja kwa sababu mgongo unauma. Mimi nilikosea wiki tano kwa sababu nilipenda kuamini. Ipi mbaya?" Kisha akaongeza: "Na ulipoulizwa, ulisema imefika. Matokeo nimeshayapoteza; nimpoteze na fundi wa kusema hivyo?"

Pesa zilisimamishwa mwaka mzima. Barua ilisifu uaminifu wake kwa aya mbili na kuchukua kila kitu kwa aya ya tatu. Mkataba wangu ulipofika mwisho, mkuu wa idara alimwambia hakuna nafasi ya fundi. "Hakuna nafasi ya fundi," Daktari akarudia, akavuta kiti, akaketi. Wanasema aliketi pale mpaka saa ya chakula cha mchana, akimrudishia mkuu kila alilosema, kwa upole, bila kuongeza neno. Saa saba mkuu alisaini ili aende kula.

Mwaka huo tulifanya kazi kwa betri alizotuazimia Njoroge kutoka kwa shemeji zake. Matokeo yalikuwa mabaya, kisha yakawa nusu mabaya. Kamati ilirudi, ikaona, ikatoa pesa tena, na leo kuna kifaa chetu kimoja kimelala chini ya bwawa, na kila asubuhi kinatuma taarifa yake ya matope. Huwa kinakosea herufi moja moja. Daktari hakutaka iwe vinginevyo; alisema kifaa kisichokosea kamwe kinaficha kitu.

Alistaafu, akahamia shambani kwake Theta, na kwa miaka mitatu sikumwona. Simu yake, kama kawaida ya mtaalamu wa mawasiliano, ilikuwa imezimwa.

Jumamosi moja mwaka jana, huku kwetu Mugutha, mifereji ilikuwa haijatoa tone kwa siku tisa. Nilikuwa natoka kununua maji kwa mkokoteni, nikakuta watu wamezunguka kitu barabarani. Mzee amelala kifudifudi kwenye vumbi, amevaa koti na tai.

"Ameanguka!" jirani yangu Mama Stella alikuwa anasema. "Si mtu alete sukari! Mpepeeni!"

Mwingine alikuwa ameanza kuomba kwa sauti. Yule mzee akainua mkono mmoja. "Nyamazeni, tafadhali. Sisikii."

"Hutusikii sisi?" Mama Stella akauliza.

"Siyasikii mabomba."

Nilitua mitungi yangu. "Habari ya asubuhi, Daktari."

"Habari ya asubuhi," akasema akiwa palepale chini. Kisha akageuza kichwa. "Fundi! Njema."

Alikuwa na fimbo ndefu ya mti, upande mmoja ukiwa ardhini, mwingine sikioni. Binti yake, yule wa mbuzi kumi na wawili, alikuwa amehamia mtaa wa nyuma, na alimlalamikia kwamba maji hayafiki. Daktari hakuridhika na maelezo ya ofisi. Alikuwa anafuata bomba kuu kwa sikio tangu asubuhi, nyumba kwa nyumba, akitafuta mahali linapovuja, maana bomba linalovuja huvuma chini ya ardhi. Akanipa fimbo nijaribu. Nililala vumbini mbele ya majirani zangu wote, nikasikiliza mpaka macho yakauma.

"Sisikii kitu, Daktari."

"Vizuri. Wote niliowapa fimbo leo wamesema wanasikia." Akapiga alama kwa kisigino. "Chimbeni hapa."

Wanaume walichimba nusu saa. Pakavu, kavu kama unga. Watu wakaanza kuguna, mmoja akauliza mzee huyu ametumwa na nani. Daktari alichungulia shimo, akaonekana kufurahi. "Nimekosea," akatangaza, kama mtu anayetangaza ndoa. Akalala chini tena, akasogea hatua mbili, kisha moja zaidi, akaweka alama nyingine. Sululu ya tatu iligonga matope, ya nne ikatoa maji ya kuruka, yakatulowesha wote, na akina mama wakaja mbio na ndoo, masufuria, hata beseni la mtoto aliyekuwa bado ndani yake.

Fundi wa mabomba aliletwa, akakata, akafunga, akakaza. Ilikuwa karibu adhuhuri. Daktari, amejaa matope mpaka kwenye nyusi, akanirudishia ile fimbo.

"Sikiliza sasa."

Nikalala tena. Nilisikia mapigo ya moyo wangu, na ukungu wa sauti za watu kwa mbali. Chini ya hapo, hakuna.

"Kimya," nikasema. "Hakuna kitu kabisa."

"Hakuna kitu kabisa," akarudia, na akafumba macho kama mtu aliyeonja kitu kitamu. Wakati huohuo, mfereji wa Mama Stella ukakohoa mara moja, mara mbili, ukaanza kumwaga, kisha wa jirani, kisha wa pili, mpaka mtaa mzima ukawa unapiga kelele, "Maji imerudi! Maji imerudi!"

"Daktari," nikamwambia, "umesikia?"

Alikuwa ameziba masikio yake mawili kwa mikono yenye matope, huku anacheka.